UZI: Kupanua stesheni za treni ya mjini Dar na kuondoa makutano ya reli na barabara. Tupange kimo kwanza, jukwaa baadaye

#1 Taruma

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa wahandisi, wapima, watu wa mipango miji na yeyote anayeguswa na treni ya mjini. Hoja yangu ni moja: stesheni na makutano ya barabara yaliyo jirani nayo ni mradi mmoja. Ukirefusha jukwaa leo, kisha baada ya miaka michache ukaja kutenganisha reli na barabara, utalivunja jukwaa lile lile ulilolimwagia zege. Kutenganisha maana yake ni kupandisha au kushusha kitu kati ya mita 7 na 9. Kama kinachopanda ni reli, jukwaa litapanda nayo.

Tuanzie nyumbani. Treni ya mjini Dar ilianza tarehe 29 Oktoba 2012 kwa kutumia njia zilizokuwepo: ile ya Reli ya Kati kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, yenye upana wa mita 1, na ya TAZARA hadi Mwakanga, yenye upana wa milimita 1,067. Reli ya Kati Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar mwaka 1905. Barabara zilizokatana nayo siku hizo hazikuwa na daladala, malori ya makontena wala bajaji. SGR, reli mpya ya umeme iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, haina tatizo hili, kwa sababu ilichorwa tangu mwanzo bila kukutana na barabara kwenye usawa mmoja. Reli ya zamani ndiyo iliyobaki chini, na ndiyo inayopita katikati ya makazi.

Watu wengi hukadiria vibaya hasara ya geti linalofunga barabara treni ikipita, kwa hiyo tuhesabu. Chukua geti la kiotomatiki. Onyo ni sekunde 30 kabla treni haijafika. Treni ya mita 200 kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa inachukua sekunde 18 kupita alama moja, na sekunde 2 nyingine kumaliza upana wa barabara. Geti kunyanyuka ni sekunde 10. Jumla ni dakika 1. Kama njia moja ya barabara inapokea magari 700 kwa saa, yatakusanyika magari 12, na kwa mita 7 kila gari foleni ni kama mita 84. Sasa weka geti la mkono, mlinzi akisubiri simu ya stesheni, na tuseme barabara imefungwa dakika 4. Yatakusanyika magari 47, foleni ya mita 330, na foleni hiyo itakuwa imeshaziba makutano mengine mawili nyuma yake. Yaani sehemu kubwa ya foleni inaletwa na namna geti linavyoendeshwa, kabla hata hujagusa idadi ya treni.

Ila idadi ya treni ikipanda, hata geti zuri linashindwa. Treni 12 kwa saa, kwenda na kurudi, ni dakika 12 za kufungwa zikiwa zimeachana vizuri. Japani wana jina maalumu la makutano yanayofungwa dakika 40 au zaidi ndani ya saa moja ya msongamano: wanayaita makutano yasiyofunguka. Anayepanga treni kila dakika tano bila kugusa barabara anaelekea huko.

Njia za kutenganisha nitakazozihesabu hapa ni nne.

Barabara juu ya reli. Kama reli ina umeme wa kilovolti 25, au itakuja kuwa nao, acha nafasi ya mita 7 kutoka usawa wa reli. Ongeza unene wa daraja, mita 1.8. Barabara inapanda karibu mita 9. Kwa mwinuko wa asilimia 5, unaobebeka kwa lori lenye mzigo, unahitaji mita 180 kila upande.

Barabara chini ya reli. Nafasi wazi ya mita 5.5 kwa barabara kuu, boriti mita 1.2, na mita 0.7 za kokoto, mataruma na reli. Inashuka mita 7.4.

Reli juu ya barabara. Kimo ni kile kile, mita 7.4, lakini treni haipandi kama gari. Kwa treni ya mizigo inayovutwa na kichwa cha dizeli, panga asilimia 1. Hiyo ni mita 740 kila upande, na kama mita 50 za ziada za kulainisha mpindo wa wima, yaani pale mteremko unapobadilika, juu na chini.

Mchanganyiko: reli inapanda kiasi na barabara inashuka kiasi. Kila mita moja unayoishusha barabara inakuokolea mita 100 za tuta la reli kila upande. Ukiishusha mita 2 tu, maji bado yanaweza kutoka kwa mteremko wa kawaida kuelekea mfereji uliopo, na tuta lako limepungua mita 400 kwa jumla.

Sasa iweke stesheni kwenye hesabu hiyo. Jukwaa linataka reli iliyo karibu na tambarare. Kwa kawaida usizidi mteremko wa 1 kwa 400, yaani mita 1 ya kimo kwa mita 400 za urefu. Treni ya mabehewa 8 ya mita 20 na kichwa cha mita 16 ni mita 176, na ukiongeza nafasi ya kusimamia unafika kama mita 190. Kama makutano yapo mita 150 kutoka ncha ya jukwaa, huwezi kuinua reli mita 7.4 hapo na kuiacha stesheni chini. Stesheni inapanda nayo au inahama.

Ndicho kilichotokea San Mateo, California, kwenye njia ya Caltrain. Waliponyanyua reli na kushusha kidogo barabara ya 25th Avenue, stesheni ya Hillsdale ililazimika kujengwa upya mahali pengine, ikiwa juu. Stesheni ya zamani ilifungwa Mei 2020, mpya ikafunguliwa Aprili 2021. Mradi mzima uligharimu kama dola milioni 206, na ndani yake barabara mbili ambazo zamani hazikuvuka reli, 28th na 31st, zikapitishwa chini. Hilo la mwisho ni faida ambayo sisi hatuizungumzii: reli ikishakuwa juu, kila mtaa unaweza kupita.

Karibuni tuchambue.

#2 Kalvati

Mkuu Taruma, uzi mzuri, lakini hesabu ya daraja la barabara ina upungufu. Umegawa 9 kwa asilimia 5 ukapata 180. Hapo umesahau mpindo wa kileleni na wa chini.

Kwa mwendo wa kilomita 50 hadi 60 kwa saa, mpindo wa kileleni kati ya kupanda asilimia 5 na kushuka asilimia 5 unataka kama mita 110 ili dereva aone mbele. Mpindo huo unakula kimo: 0.10 mara 110 gawa kwa 8, karibu mita 1.4. Ili ubaki na mita 9 juu ya reli, sehemu inapokutana mistari miwili ya mwinuko lazima iwe juu zaidi kwa mita hizo 1.4, na hiyo ni mita 28 zaidi za urefu. Chini nako mpindo wa mita 65 unaanza mita 32 kabla. Jumla ni mita 240 kila upande, siyo 180.

Mita 60 za ziada kila upande zinaonekana ndogo kwenye karatasi. Mjini ni nyumba, maduka, na barabara za mitaa zinazopoteza mlango. Mwenye duka aliye mita 170 kutoka relini anabaki akitazama ukuta wa zege wenye kimo cha mita 2. Michoro mingi ya awali inaonyesha daraja linatosha, kisha kwenye usanifu wa kina linagonga makutano ya taa yaliyo mbele, na mradi unarudi mezani.

#3 Taruma

Kalvati, nakubali. Tumieni 240 badala ya 180. Asante mkuu.

#4 SautiYaRelini

Wakuu, kuna jambo la Dar lenyewe ambalo halimo kwenye vitabu. Kuanzia katikati ya jiji SGR imepita juu ya nguzo, na reli ya zamani iko chini karibu yake. Penye hali hiyo daraja la barabara juu halipo tena kwenye orodha. Hesabuni: wazi ya barabara 5.5, boriti la SGR kama 2, njia yake 0.7, nafasi ya waya wa umeme 7, unene wa daraja jipya 1.8. Barabara ingepanda mita 17. Kwa asilimia 5 hiyo ni mita 340 kila upande kabla ya mipindo ya Kalvati. Hakuna.

Zinabaki njia tatu: kushusha barabara, kuinua reli ya zamani sambamba na SGR, au kufunga makutano na kuyaelekeza magari kwingine. Na kushusha barabara kuna mtego wake: unachimba mita 7 pembeni ya misingi ya nguzo za SGR. Nguzo hizo hubebwa na msuguano wa udongo kwenye misingi mirefu pamoja na ncha yake. Ukiondoa udongo wa juu umepunguza msuguano. Kabla ya mchoro wowote, pata michoro ya misingi kama ilivyojengwa, hesabu upya uwezo wake ukiwa umeondoa udongo ule, na weka vipimo vya kusogea kwenye nguzo kabla ya sururu ya kwanza.

#5 Bondeni

Nami nije kwenye maji, maana barabara ya chini Dar ni habari ya maji kabla ya kuwa habari ya zege.

Tuseme eneo linalomwaga maji ndani ya shimo ni mita 400 kwa 20, mita za mraba 8,000. Mvua ya milimita 100 kwa saa, na asilimia 90 ya maji inafika chini. Hiyo ni mita za ujazo 720 kwa saa, lita 200 kwa sekunde. Unahitaji pampu mbili za lita 100 kwa sekunde zinazofanya kazi na ya tatu ya akiba, jenereta inayojiwasha yenyewe, na chumba cha umeme kilicho JUU ya usawa wa mafuriko. Kuweka paneli za umeme ndani ya shimo zinakopozwa na kivuli ni kosa linalojirudia: maji yakipanda, pampu zinazima kwanza, kisha ndipo barabara inajaa.

Punguza maji kabla hayajaingia. Kwenye kila mdomo wa mteremko, inua barabara sentimita 20 hadi 30 kama tuta pana la kulainika kabla haijaanza kushuka, weka mfereji wa kukata wenye wavu wa chuma barabara nzima, na hakikisha maji ya mitaa jirani hayana njia ya kuingia. Ukiacha mtaa mmoja wa pembeni ukamwaga maji ndani, hesabu yangu ya mita za mraba 8,000 inaweza kuwa 30,000 na pampu zako ni mapambo.

Halafu maji ya ardhini. Sanduku la zege lililo wazi juu, lililokaa ndani ya maji ya kimo cha mita 4 kutoka uso wa chini wa sakafu yake, linasukumwa juu kwa tani 4 kila mita ya mraba. Sakafu ya zege ya mita 1 ina uzito wa tani 2.4. Kuta zinasaidia, lakini kwenye barabara pana katikati haziko karibu. Unaongeza unene, au unatoa kisigino cha sakafu nje ya kuta ili udongo ukikalie, au unaifunga sakafu kwa misingi mirefu ya kuvuta. Hatari kubwa zaidi iko wakati wa ujenzi: mkandarasi akizima pampu za kushusha maji mapema, kabla uzito wote haujakaa, sakafu inanyanyuka na kupasuka. Iandikwe kwenye mkataba ni hatua gani pampu zinaruhusiwa kuzimwa, na nani anasaini.

Kwa sababu hizo mimi, kwenye mabonde ya Msimbazi na mito mingine ya jiji, nachagua reli juu. Gharama ya kujenga inapanda, lakini huna pampu ya kuihudumia miaka 50.

#6 Mstari_Mnyoofu

Nakubaliana na Bondeni kuhusu mabonde, ila tusiifanye reli juu kuwa jibu la kila mahali.

Melbourne, Australia, wamefanya zote. Tangu 2015 jimbo la Victoria linaondoa makutano, lengo likiwa 110 ifikapo 2030. Kwenye njia ya Dandenong waliondoa tisa na kujenga upya stesheni tano, Carnegie, Murrumbeena, Hughesdale, Clayton na Noble Park, kwa kuinua reli. Ilimalizika 2018 na chini ya daraja wakapata viwanja vya wazi na njia za baiskeli. Ormond, McKinnon na Bentleigh, stesheni zilizofuatana, waliishusha reli kwenye mfereji mwaka 2016. Angalia kilicho sawa kwa zote mbili: waliunganisha makutano ya jirani kuwa kazi moja. Ukiinua reli kwa makutano moja unalipa miteremko miwili ya mita 740. Ukiinua kwa makutano matatu yaliyo ndani ya kilomita moja, miteremko ni ile ile miwili. Hapo ndipo pesa ilipo.

Kwa hiyo mtu akija na mpango wa makutano moja moja, kila moja na zabuni yake, mwulize miteremko mingapi ya reli anailipia.

#7 Fundi_Geti

Habari zenu wakubwa. Naomba kuuliza jambo la sasa hivi. Haya madaraja yatachukua miaka. Kwenye makutano ya usawa mmoja yaliyopo, ni kipi kinapunguza ajali bila mradi mkubwa?

#8 SautiYaRelini

Fundi_Geti, swali la maana sana. Novemba 2023 kule Manyoni basi na treni ya mizigo viligongana kwenye makutano na watu 13 wakapoteza maisha. Madaraja hayawezi kusubiriwa kila mahali.

Kwanza foleni ya mbele. Baadhi ya ajali mbaya za mjini zinatokana na gari lililosimama juu ya reli kwa sababu taa za makutano yanayofuata ni nyekundu. Pima umbali kutoka reli hadi mstari wa taa hizo. Kama ni chini ya mita 60, taa lazima ziunganishwe na geti: treni inapokaribia, upande wa relini unapewa kijani kwanza ili reli isafishike, ndipo geti linashuka. Pamoja na hilo, paka mistari ya mraba ya njano kwenye reli na mita 5 kila upande, na chora upya kila inapofutika.

Pili, kitenganishi cha katikati. Nguzo za plastiki au ukingo wa zege mita 30 kabla ya geti kila upande, ili bajaji na bodaboda zisizunguke nusu-geti (linaloziba nusu ya barabara tu). Hakuna kitu cha bei nafuu kinachofanya kazi kubwa kama hiki.

Tatu, uso wa njia. Mbao au zege kati ya reli zikizama sentimita 5, gari dogo linakwama na pikipiki inaanguka. Bamba za mpira au zege zilizopangwa juu ya mataruma mapya, kokoto safi chini na mfereji wa maji pande zote mbili. Ukibadili bamba bila kubadili kokoto zilizojaa tope, zitazama tena mvua ya kwanza.

Nne, stesheni iliyo karibu. Kama treni inasimama jukwaani kabla ya makutano, kifaa cha kuhisi treni kisifunge geti wakati abiria bado wanapanda. Weka ishara mwisho wa jukwaa; geti lishuke treni ikiwa tayari kuondoka. Barabara inaweza kurudishiwa dakika nzima kwa kila treni.

Kwa kuchagua pa kuanzia, zidisha treni kwa siku na magari kwa siku. India walitumia kipimo hiki kwa miaka mingi: ikizidi 100,000, makutano yanastahili kufikiriwa kwa daraja. Kwa mfano, treni 24 mara magari 15,000 ni 360,000. Wao pia walimaliza makutano yasiyo na mlinzi kwenye njia zao za upana mkubwa Januari 2019, baadhi kwa kuyafunga au kusukuma visanduku vya zege chini ya reli ili barabara ipite humo.

#9 RamaniMezani

Wote mmeongea magari. Anayevuka reli Dar zaidi ni mtembea kwa miguu, na huyu ndiye anayesahaulika kwenye mchoro hadi siku uzio unapotobolewa.

Daraja la miguu juu ya reli yenye umeme linapanda kama mita 7.5. Kwa ngazi za sentimita 16.5 ni ngazi 45, kisha unashuka 45. Njia ya chini inahitaji kichwa cha mita 2.5, paa nusu mita na mita 0.7 za njia ya reli: mita 3.7, ngazi 22. Mama mwenye ndoo ya samaki atachagua nini? Atapita relini kwenye lile la kwanza. Penye maji ya ardhini ya chini, njia ya miguu ya chini inashinda, ilimradi iwe na upana wa mita 4 au zaidi, iwe nyoofu ili uone upande wa pili kabla hujaingia, na iwe na taa mchana na usiku. Njia yenye kona ya digrii 90 ndani haitumiki usiku hata ukiipaka rangi gani.

Anayetumia kiti cha magurudumu: mteremko usizidi 1 kwa 12, na pumziko kila baada ya kupanda sentimita 76. Kwa mita 3.7 ni mita 44 za mteremko na mapumziko manne, kama mita 50. Kwa daraja la mita 7.5 ni zaidi ya mita 100 kila upande, au lifti. Lifti ikiwa moja na ikaharibika, stesheni imefungwa kwa mtu huyo. Ziwe mbili, au mteremko uwepo.

Na njia ya kuvuka iwe nje ya geti la tiketi. Stesheni ikijengwa na daraja ambalo mpita njia haruhusiwi bila tiketi, umewagawa majirani kwa uzio halafu ukawanyima daraja. Ukifunga uzio, weka kivuko kila mita 300 hadi 400. Zaidi ya hapo watu wanatoboa, na wana haki ya kufika upande wa pili.

#10 Zege30

Wakuu, niongeze ya stesheni yenyewe, maana kichwa cha uzi kinasema kupanua.

Kupanua siyo kurefusha tu. Jukwaa la katikati lenye ngazi linahitaji: ngazi mita 3, kuta zake mita 0.6 kwa pamoja, na mita 2.5 wazi kila upande hadi ukingoni. Mita 8.6. Ukikuta mchoro una jukwaa la mita 6 na ngazi ya mita 3 katikati, watu watapita mita 1.2 kutoka treni inayoingia.

Ngazi zipimwe kwa watu. Kiwango kinachotumika kwenye reli za London ni watu 28 kwa dakika kwa kila mita ya upana, ngazi ikitumika kupanda na kushuka. Treni ikishusha watu 600 na unataka jukwaa lisafishike ndani ya dakika 2: 600 gawa kwa 56, ni mita 10.7 za ngazi. Ngazi nne za mita 2.7. Zisambazwe kwenye urefu wa jukwaa. Zikiwa zote ncha moja, kila mtu atapanda behewa la ncha ile na treni itachelewa kila kituo kwa sababu ya milango miwili iliyojaa.

Mwisho wa njia ndipo panapokwamisha ratiba nzima. Treni inayovutwa na kichwa inalazimika kukikata, kukizungusha na kukifunga upande wa pili na kujaribu breki: panga dakika 20. Ongeza dakika 4 za kutoka na kuingia. Kwa treni kila dakika 10, 24 gawa kwa 10 ni majukwaa 3, pamoja na njia ya kuzungushia kichwa. Treni inayoendeshwa ncha zote mbili, kama ile ya umeme ya SGR inayoitwa Mchongoko, inageuka kwa dakika 8: 12 gawa kwa 10, majukwaa 2 yanatosha. Kabla ya kulipia fidia ya ardhi kwa jukwaa la tatu, linganisha na bei ya mabehewa yenye chumba cha dereva nyuma.

Kimo cha jukwaa kilingane na sakafu ya behewa. Mtu anayepanda vipandio vitatu akiwa na mzigo anachukua mara mbili au tatu ya muda wa anayeingia tambarare. Kwa mlango mmoja wenye watu 25, hiyo ni tofauti ya nusu dakika na zaidi, kila kituo. Lakini njia ikipitisha na mizigo, ukingo wa jukwaa la juu lazima uheshimu upana wa mabehewa ya mizigo pia, hasa kwenye mpindo, ambako katikati ya behewa huingia ndani na ncha hutoka nje. Ndiyo maana stesheni mpya itafutiwe njia iliyonyooka, hata ikibidi isogee mita 200.

#11 Fundi_Geti

Asanteni sana. Na treni zinapita wapi wakati wa ujenzi wa reli juu? Hifadhi ya reli mjini ni mita 15 kila upande, na nusu yake tayari ina shughuli.

#12 Taruma

Hapo ndipo mradi unapofanikiwa au unapokwama, ndugu yangu.

Njia ya kawaida ni reli ya muda pembeni. Tuta la reli juu lenye njia mbili na kuta za kuzuia udongo linataka kama mita 12. Reli ya muda ikae angalau mita 4 kutoka ukingo wa uchimbaji, na yenyewe inachukua mita 5. Umeshatumia mita 21 kati ya 30, ukiwa na mita 9 za mitambo, mifereji na jukwaa la muda. Inatosha, kama hifadhi ni tupu. Ndiyo maana fidia na kuhamisha watu viishe kabla mkandarasi wa reli hajaingia, siyo sambamba naye.

Pasipo na nafasi, Melbourne kule Dandenong walijenga daraja juu ya njia zinazotumika, mtambo mkubwa ukipanga vipande vya boriti kutoka juu, kazi nzito zikifanyika treni zikiwa zimesimamishwa. San Mateo walichagua kufunga stesheni na kuwapeleka abiria stesheni jirani ya Belmont kwa basi. Kila njia ina bei, lakini iamuliwe kabla ya zabuni, kwa sababu mkandarasi aliyepewa muda wa saa nne tu kila usiku bila treni atatoa bei tofauti kabisa na aliyepewa wiki tano mfululizo.

Mpangilio ninaoutetea ni huu: mabomba na nyaya zihamishwe kwanza, kisha reli ya muda na jukwaa la muda lenye taa na paa, treni zihamie, ujenzi, treni zipande juu, ndipo makutano ya zamani yafungwe siku ile ile njia mpya ya barabara inapofunguliwa. Ukiyafunga mapema, watu watatengeneza kivuko chao mita 100 pembeni, na hakitakuwa na mlinzi.

Wakati wa kuchimba misingi karibu na reli inayotumika, weka alama za kupimia juu ya reli kila mita 5 na zisomwe kila siku, na kila saa siku za kuchimba. Ikishuka milimita 10, treni zipunguzwe mwendo na kokoto zishindiliwe. Ikifika 20, kazi isimame.

#13 Kalvati

Niongezee kwenye mabomba na nyaya, kwa sababu ndiyo yanayokula mwaka wa kwanza.

Usiamini ramani ya mabomba. Kando ya reli kuna bomba la maji, nyaya za mawasiliano za makampuni kadhaa, na nguzo za umeme, na kila mwenye nacho ana ramani yake isiyokubaliana na ya mwenzake. Chimba mashimo ya majaribio kwa mkono, kina cha mita 2, kila mita 25 kukata mstari wa kazi, na kwenye kila mahali nguzo itasimama. Kila unachokikuta kipimwe kwa viwianishi na kimo, kipigwe picha, kiwekwe kwenye mchoro mmoja ambao DAWASA (maji), TANESCO (umeme), TANROADS na TARURA (barabara) wote wanausaini. Nyaya zote za mawasiliano zipelekwe kwenye mfereji mmoja wa zege wenye mabomba ya akiba, asilimia 50 zaidi ya yanayohitajika leo, upande mmoja tu wa hifadhi.

Bomba kubwa la maji linalovuka chini ya reli liingizwe ndani ya bomba la chuma la kinga, lenye vali pande zote mbili nje ya hifadhi. Likipasuka bila vali hizo, maji yanaosha tuta lililobeba treni wakati fundi bado anatafuta pa kulifungia.

#14 Bondeni

Na kwenye mashimo hayo hayo ya Kalvati, acha mabomba membamba yenye matundu kwenye machache, yapimwe kina cha maji kila wiki kwa mwaka mzima, masika, kiangazi na vuli. Kipimo cha Agosti peke yake kitakudanganya kwa mita nzima au zaidi.

#15 RamaniMezani

Swali kwa Taruma na Mstari_Mnyoofu: chini ya reli ya juu mnaruhusu nini? Mimi nataka stendi ya daladala na vibanda vya wafanyabiashara wadogo vipangwe humo tangu mchoro wa kwanza, abiria ashuke ngazi moja akute gari.

#16 Mstari_Mnyoofu

Daladala ndiyo, dada, na ndiyo sababu moja kubwa ya kupendelea nguzo badala ya tuta la udongo mita 300 za kuzunguka stesheni. Nguzo ziachane mita 25 hadi 30 ili magari yageuke, na kila nguzo iliyo kando ya njia ya magari ikingwe kwa ukuta wa zege wa kimo cha mita 1 unaojitegemea, ili basi likigonga lisiguse nguzo.

Vibanda navyo ndiyo, lakini visiwe chini ya boriti moja kwa moja wala kuegemea nguzo. Moto wa matairi, magodoro au mitungi ya gesi chini ya daraja unapasua zege na kulegeza nyaya za chuma zilizokazwa ndani ya boriti, na hapo reli inafungwa miezi. Viwekwe kwenye ukingo wa nje, mita 5 kutoka nguzo, paa la bati, maji ya zimamoto kila mita 60, na umeme wenye mita. Ukivipanga hivyo kwenye mchoro, mkaguzi wa daraja anaweza kufikia kila nguzo kwa gari lake. Ukiviacha vijipange vyenyewe, hataona nguzo hata moja.

Chini ya boriti iliyo karibu na barabara, weka kizuizi cha kimo cha chuma mita 40 kabla, kimo chake kikiwa sentimita 20 pungufu ya boriti, na pawe na nafasi ya lori kugeuka kati yake na daraja. Kizuizi kisicho na pa kugeukia kinaleta foleni ile ile tuliyotaka kuiondoa.